Shule Iliyoandikwa Karakana

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaja chumba cha habari saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Mdogo wa marehemu mume wangu, mwalimu mkuu wa shule ya sanaa ya hapa mkoani. Si mtu wa kuonekana mjini siku ya kazi. Vidole vyeusi kwa wino kama kawaida yake. Akaweka bahasha juu ya meza yangu, akakaa kabla sijamkaribisha.

Barua ya Idara ya Ujenzi. Kiwanja na majengo ya shule yarudishwe Alhamisi tarehe 14, saa tatu kamili asubuhi. Patakuwa yadi ya malori. Sababu: miaka arobaini na tatu iliyopita kiwanja kilitolewa kwa sharti moja, kiwe cha shule. Idara inasema pale hapakuwahi kuwa na shule. Palikuwa na karakana tu, na sharti likivunjwa kiwanja hurudi kwao. Pingamizi litasikilizwa na Kamati ya Ardhi, Jumatatu ijayo.

Viambatisho vitatu. A ni ramani. B ni barua ya kutoa kiwanja. C ni fotokopi ya gazeti letu, ukurasa wa tano, la miaka thelathini na moja iliyopita: "Karakana ya Picha Yawapa Vijana Kazi." Chini ya kichwa cha habari, jina la mwandishi. Langu.

Nimehesabu mara mbili. Neno karakana limo mara sita. Neno shule halimo hata mara moja.

Shemeji akauliza, hivi siku ile hukuyaona madawati? Nikamwambia niliyaona. "Basi shemeji, umetuchimbia kaburi kwa kalamu, na hata jembe hukutuazima." Nimemletea maji. Hakunywa.

Hakuuliza kwa nini niliandika vile. Sikumwambia.

Jumanne, 5 Machi

Niandike hapa basi, kwa kuwa sijawahi kuandika popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilitumwa na mhariri nikaone "wale wachora mbao". Nikakuta ghala la zamani la matofali, madirisha marefu, vijana kumi na tisa wameinama juu ya mbao, wanachonga picha za kuchapa kwa wino, kwa patasi ndogo. Ubaoni ukutani, somo la siku: kivuli. Mwanzilishi alikuwa fundi seremala aliyeacha kazi Idara hiyohiyo ya Ujenzi. Wote walimwita Mzee Randa, kwa ile randa yake ya kulainishia mbao ambayo haikumtoka mkononi. Alinionyesha kila kitu. Masaa matatu. Alifundisha kama mtu anayedaiwa.

Nilipofunga daftari akanishika mkono. Akaniambia: andika karakana, binti. Nikamuuliza kwa nini, hii si shule? Akasema ni shule, na ndiyo maana. Mwaka ule wakaguzi walikuwa wanazunguka mkoa mzima na makufuli mfukoni. Shule isiyofuata mtaala uliopitishwa, inafungwa jioni ileile. "Karakana haina mtaala. Hakuna mtu anayekagua msumari."

Nilijua ni shule. Niliandika karakana. Mara sita, ili lisionekane limeteleza.

Wakaguzi hawakuja. Kwa hiyo lile neno lilifanya kazi yake. Miaka miwili baadaye niliolewa na mwanawe mkubwa, na Mzee Randa akawa baba mkwe. Hatukulizungumza tena. Mume wangu alijua. Wote wawili wamekwenda. Nimebaki na hili peke yangu.

Miaka ishirini na mitatu nafundisha vijana wa chumba cha habari: ukiwa na shaka, usiandike. Mimi sikuwa na shaka.

Jumatano, 6 Machi

Shuleni tangu saa mbili. Nilikwenda kutafuta karatasi. Daftari la mahudhurio, vyeti, ripoti, risiti ya chaki—chochote chenye neno shule na tarehe.

Hakuna.

Shemeji kanifungulia kabati tatu. Ya kwanza wino. Ya pili wino uliokauka. Ya tatu panya. Mzee Randa hakuitisha majina asubuhi. Alisema asiyekuja atajulikana kwa ubao wake. Hakutoa vyeti. Alisema cheti ni mkono.

Nikasema basi tuwapelekee kazi zenyewe. Mbao zilizochongwa na wanafunzi wa miaka arobaini. Shemeji akanitazama kama aliyesahau kwamba mimi si mtu wa pale. Zimepigwa randa, akasema.

Ndiyo desturi yao. Mwanafunzi anapomaliza mwaka, anachapa nakala kumi za picha yake, anaondoka nazo. Kisha anaulaza ubao, anaupiga randa kwa mkono wake mwenyewe mpaka picha yote iishe, na kumkabidhi anayeingia. Mbao nzuri zilikuwa adimu, kwanza. Halafu ikawa sheria: asiyeweza kufuta hajajua kuchora. Ubao mmoja umepita mikono thelathini na kitu. Zamani ulikuwa na unene wa vidole vinne. Leo kidole kimoja, na hata hicho cha mtoto.

Ushahidi wote wa shule hii umekuwa maranda. Wamewashia jiko.

Nilikaa nyuma ya darasa nusu saa. Wako ishirini na sita mwaka huu, wengi wametoka wilaya za mbali. Mmoja mpole wanamwita Kobe. Msichana mmoja mwenye mwandiko wa ajabu wa herufi kubwa wanamwita Kibao, kwa kuwa alianza kuandika vibao vya maduka akiwa na miaka kumi na tatu. Kibao alikuwa anamsuta Kobe: tangu Jumatatu unachonga sikio moja, huyo ng'ombe atakusikia lini? Kobe hakuinua kichwa. Kasema ng'ombe wake anasikia vizuri, ila anachagua.

Shemeji akaniorodheshea kazi za shule, akihesabu kwa vidole vyeusi. Michoro ya vitabu vya darasa la pili. Mabango ya chanjo, yale ya mama aliyepakata mtoto. Herufi za zahanati karibu zote za mkoa huu. Anayefika hospitali akajua mlango wa wazazi uko wapi, amesomeshwa na hapa. Nikamwambia hayo ni kweli na hayatatusaidia. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa kimetoka wapi.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimwomba mhariri nafasi ya masahihisho. Nilimpokea mwenyewe chumba cha habari akiwa hajui tofauti ya mkoa na mkono. Bado ananiita mama.

Alisoma aya zangu nne. Akavua miwani. "Mama, masahihisho huwa ya jana. Haya ni ya enzi za taipureta."

Nikasema kosa halichachi. Akasema hili si kosa. Kosa ni ulipoandika Jumanne badala ya Jumatano. Hapa unasema ulijua na ukaandika. Hayo si masahihisho, ni kukiri. Umebakiza miezi minane ustaafu. Haya yakichapwa, kila habari uliyowahi kuandika itafukuliwa. Yule diwani aliyefungwa kwa habari yako, je? Naye atakata rufaa kwa kauli yako mwenyewe.

Yuko sahihi. Nilimfundisha mwenyewe kuuliza hivyo.

Hakukataa. Alisema nilale nalo. Nimelala nalo miaka thelathini na moja, nikamjibu. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Ijumaa, 8 Machi

Mashahidi. Nilikwenda kwa mwandika vibao wa karibu na stendi, aliyeingia shule ile mwaka wa tatu tangu ianze. Mtu mzima sasa, ana wajukuu. Nilimtaka aje Jumatatu aseme alisoma pale.

Akashuka ngazi polepole. Akasema angekuja hata kwa magoti. Halafu akatoa kadi yake ya zamani ya kazi. Elimu: hakuna. Ajira ya kwanza: kibarua, karakana ya picha.

Mzee Randa aliwaambia wote. Mkiulizwa, ninyi ni vibarua, si wanafunzi. Wakajaza hivyo kila fomu. Benki, ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Miaka thelathini! Hata wakaguzi walipoacha kuzunguka, hakuna aliyewaambia waache.

"Tulidanganya vizuri mno, dada," akasema. "Tulichapa na muhuri."

Nilipiga simu kwa wengine saba. Wote ni vibarua.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja nyumbani mchana. Nimemwambia. Nilisema nitasimama mbele ya Kamati na kueleza kwamba Mzee aliniomba, nami nikakubali.

Kasimama. "Yaani unakwenda kumwita baba mwongo mbele za watu? Hayupo hata kujitetea?"

Nikasema sitamwita mwongo. Nitasema alichosema.

"Ni kilekile."

Si kilekile. Lakini sikuweza kumwonyesha tofauti. Akasema yule mzee amezikwa na heshima yake, na mimi ndiye mkwe aliyempenda kuliko watoto wake wote, na sasa namfukua. Nikamuuliza anataka kipi, heshima ya baba au shule ya baba. Vyote viwili havipiti mlango huu.

Alilia. Sijamwona akilia tangu msiba wa kaka yake. Nikamwachia chumba, nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Alipotoka uani macho yalikuwa mekundu lakini sauti imerudi. Akasema sawa. Akasema, lakini usivae ile blauzi yako ya maua, Kamati watadhani tumekwenda kwenye ngoma.

Jumatatu, 11 Machi

Chumba cha mikutano cha ofisi ya mkoa. Viti vya plastiki, feni moja, imeharibika. Mwenyekiti ni mpima ardhi mstaafu, mama mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Mwanasheria wa Idara amevaa tai ya kijani na ana adabu nyingi. Wa adabu ndio wabaya.

Nilieleza kwa dakika sita. Sikupamba.

Mwanasheria akaanza. Kwa hiyo uliandika uongo? Ndiyo. Ukijua? Ndiyo. Na leo unasema kweli? Ndiyo. Kamati itajuaje? Nikajibu haitajua. Watu wakacheka. Nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Akauliza kama nilikuwa na uhusiano na mwanzilishi. Siku ile, hapana. Baadaye? Miaka miwili baadaye niliolewa na mwanawe. "Ahaa! Kumbe mama ulikwenda kutafuta habari, ukarudi na mchumba." Ukumbi wote ukaangua kicheko. Hata karani aliacha kuandika. Mimi pia ningecheka, ingekuwa habari ya mwingine.

Nilidhani huo ndio mtego. Haukuwa.

"Tuseme basi tunakuamini," akasema. "Ilikuwa shule. Ilisajiliwa?" Haikusajiliwa. "Ilikaguliwa?" Hapana. "Ilikwepa kukaguliwa. Ndivyo ulivyosema?" Ndivyo. Akageukia meza kuu taratibu. Kama ni karakana, ni mali ya Idara. Kama ni shule, basi ni shule ya kificho, na sheria haimpi kiwanja mtu aliyejificha. Mheshimiwa mwenyekiti achague. Idara itaridhika na lolote.

Akakaa. Akanishukuru!

Niliona mkono wa shemeji juu ya goti lake. Ulikuwa unasugua hewa, mbele na nyuma, kama mtu anayepiga randa. Sidhani alijua.

Mwenyekiti hakuamua. Uamuzi ni baada ya siku ishirini na moja. Lakini amri ya Alhamisi haikusimamishwa, kwa hiyo malori yatafika kabla ya haki. Shemeji aliomba asimame aseme. Akakatazwa. Kisha mwenyekiti akashusha miwani ya kichwani, akasoma kitu ndani ya kitabu cha kanuni, akasema kuna kifungu. Wanafunzi wasiopungua ishirini wakiwa darasani siku na saa ya makabidhiano, makabidhiano yanasubiri mwisho wa muhula. Orodha ya majina iandikwe palepale na shahidi asiyekula mshahara wa shule, aitie sahihi.

Mwisho wa muhula ni wiki saba. Uamuzi utakuwa umetoka. Ni tundu la sindano, lakini ni tundu.

Nani atakuwa shahidi? Nikanyoosha mkono. Mwenye tai akacheka waziwazi: huyuhuyu? Mwenyekiti akasema ndiyo, huyuhuyu. "Huyu akidanganya angalau tunajua atasema. Tusubiri tu miaka thelathini."

Jumanne, 12 Machi

Gazeti pinzani, ukurasa wa kwanza: "Mwandishi Mkongwe Akiri: Nilisema Uongo Kuficha Shule Haramu." Mtu kaliacha mezani kwangu, limekunjwa kwa heshima, upande wa habari ndani. Kichwa cha habari ni sahihi. Ningeandika hichohicho.

Mhariri kanipa likizo mpaka mwisho wa mwezi. Kasema ni likizo. Nikamwambia tuite jina lake. Kasema, mama, na wewe tena na majina!

Saa nane shemeji akapiga. Wazazi wamesoma. Shule haramu—mtoto atapata nini, atafungwa? Tangu asubuhi wanakuja kuchukua watoto wao. Walikuwa ishirini na sita. Jioni hii ni ishirini na mmoja.

Kwa hiyo neno la kwanza limewapa Idara kesi, na la pili linawaondolea wanafunzi. Moja la uongo, moja la kweli. Matokeo ni yaleyale.

Nimewapigia wazazi wanne. Watatu walikata nilipotaja jina langu. Wa nne alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: wewe mwenyewe mwanao ungemwacha? Nikasema sina mtoto. Akasema alijua.

Jumatano, 13 Machi

Ishirini. Kamili.

Kobe na Kibao wamekwenda kwao tangu jana kuwabembeleza wazazi wao. Wilaya moja, basi moja. Wazazi wamekubali. Wameahidi kurudi na basi la alfajiri. Shemeji kawahesabu ndani ya ishirini. Mimi nawahesabu pembeni.

Alhamisi, 14 Machi

Saa moja na nusu. Nimekaa kwenye kiti cha mbele, karatasi ya orodha gotini, shajara chini yake. Wanafunzi wameanza kuingia. Wamevaa aproni zao zenye wino. Mmoja kachana nywele maridadi kabisa, wenzake wanamuuliza kama anaolewa na lori.

Saa mbili na dakika kumi. Malori mawili langoni. Hayajazima injini. Afisa wa Idara ni mwanamke wa makamo, barua yake ameiweka ndani ya plastiki isichafuke. Kanipa shikamoo. Kasema yeye ametumwa tu, na saa tatu ni saa tatu. Nikamjibu marahaba, naelewa.

Saa mbili na robo. Naita mmoja mmoja. Jina, wilaya, mwaka. Wanasema majina yao kamili kwa aibu, kama watu waliovaa viatu vya wengine. Humu hakuna aliyewahi kuitwa jina lake asubuhi. Nane. Kumi na mbili.

Saa mbili na nusu. Kumi na nane.

Simu ya Kobe haipatikani. Ya Kibao inaita, haipokelewi. Sasa haipatikani nayo. Mtu wa stendi anasema basi la alfajiri liliondoka kule kwa wakati. Hajui liko wapi.

Saa mbili na dakika arobaini. Shemeji kampigia mwandika vibao aje avae aproni akae nyuma. Nimesikia. Nimemwambia nitaandika umri wake. Kakata simu.

Saa mbili na dakika arobaini na tano. Shemeji amechuchumaa mbele yangu. Anazungumza chini sana ili vijana wasisikie, na darasa zima limeacha kuchonga linasikiliza.

Waandike, shemeji.

Hawapo.

Ni wanafunzi wa hapa au si wa hapa? Wa hapa. Wako njiani au hawako njiani? Sijui. Nani ataumia? Nikamwambia kifungu kinasema wakiwa darasani. Akasema dakika kumi, ishirini, watakuwa darasani, na wino wako utakuwa haujakauka! Baba alikuomba neno zima ukampa, tena la uongo. Mimi naomba majina mawili. Na haya ni ya kweli.

Nikasema ndiyo, nilimpa.

Akasema, basi?

Wakija saa tatu na dakika tano na nimewaandika, nitakuwa nimekosea kwa dakika tano. Wasipokuja, nitakuwa nimeandika tena nilichojua si kweli, na safari hii mwenye tai atakuja na kuhesabu vichwa. Nisipowaandika, hao kumi na nane watabeba mbao zao watoke, malori yaingie.

Saa mbili na dakika hamsini na tatu. Nimeandika 19. Nimeweka nukta. Mbele yake bado peupe.

Afisa amefika mlangoni. Amevua viatu, sijui nani alimwambia. Amenyoosha mkono, anauliza kama orodha iko tayari, mama. Nimemwambia kwa saa yangu bado dakika saba.

Kaangalia yake. Anasema kwa yake zimebaki dakika nne.